Mawenzi Kushoto

Zilibaki saa sita kabla ya Theodora kupandishwa kizimbani, na hapakuwa na mtu kituoni aliyeweza kumtoa neno la maana. Mama huyu wa miaka sitini na miwili, mwenyekiti wa Ushirika wa Maziwa wa Akina Mama wa Kiriseni, alikaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, kitenge chake kimefungwa vizuri, utadhani yuko kanisani anasubiri ibada ianze. Inspekta Yuditha Nkya alimwamkia, akamletea chai, akamuuliza yale yale ya jana. Akajibiwa yale yale ya jana.

"Mimi ndiye mwenyekiti. Pakiti ina nembo yetu, na chenye nembo yetu ni changu. Andika hivyo, mwanangu, nikapumzike."

Yuditha hakuandika. Miaka kumi na minane ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo husema mengi, na huyu alikuwa anasema machache mno.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumamosi, Kiboriloni, kulikuwa na sherehe ya kipaimara. Wageni walikunywa mtindi wa pakiti, na kabla keki haijakatwa watu kumi na mmoja walikuwa nyuma ya nyumba wanatapika. Wote walikuwa wamesharudi makwao isipokuwa bibi mmoja aliyebaki wodini, naye alishaanza kugombana na wauguzi kuhusu uji. Daktari alisema maziwa yalitoka kwa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Kwenye kila pakiti palikuwa na nembo ya Kiriseni. Jumatatu watu wa afya wakafunga kituo cha maziwa, na tangu hapo wanachama mia mbili na kumi walikuwa wanakamua asubuhi na kumwaga. Jumanne mchana Theodora akakamatwa. Leo Jumatano, saa nane, angesomewa shitaka la kuuza chakula kisichofaa kwa binadamu, na ushirika alioujenga kwa miaka kumi na tisa ungezikwa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja lililomkera Yuditha kuliko yote. Jana, alipomleta ndani, Theodora alikuwa anabisha kwa nguvu zote kwamba maziwa ya Kiriseni ni safi, yanapimwa kila asubuhi, na asiyeamini aende akaone. Kisha Yuditha akaiweka pakiti mezani. Theodora alivaa miwani, akaichukua, akapitisha dole gumba juu ya picha ya mlima, taratibu. Akavua miwani. Baada ya hapo hakubisha tena.

Mkuu wa upelelezi alikuwa na jibu lake rahisi. Kulikuwa na mtu aitwaye Martin, mfungashaji wa zamani wa ushirika, aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu kwa uchelewaji na kuondoka na furushi la pakiti tupu. Mkuu alitaka Martin akae kizimbani pembeni ya Theodora, mambo yaishe.

Yuditha alipotoka kwenda kumtafuta Martin, alimkuta Mwalimu Wenseslaus kwenye benchi la kaunta.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, katibu wa ushirika, mtu wa koti la suti hata wakati wa jua kali. Alikaa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi na bahasha ya kaki mapajani. Jana pia alikuja, na askari wa zamu wakamwambia habari za rangi za pakiti apeleke kwa wachoraji. Ukweli ni kwamba hata Kiriseni watu walimchoka kidogo. Nembo ya ushirika aliichora yeye: vilele viwili vya mlima, Kibo na Mawenzi, chini yake kibuyu cha maziwa, chini kabisa jina. Kisha, kana kwamba hiyo haitoshi, akaandika mwongozo wa kurasa kumi na mbili wa namna ya kuitumia. Kijani ni hiki, siyo kile. Isivutwe. Isiongezwe kitu. Akaugawa kwa wanachama wote, na wanachama wakafunikia ndoo. Aliwahi kugoma kula keki kwenye harusi ya mwanachama kwa sababu nembo iliyochorwa juu yake ilikuwa ya zambarau.

"Shikamoo, Mwalimu," Yuditha alisema, na badala ya kupita akaketi. Huruma ilimshika kuona mzee yule amepiga pasi mpaka tai.

Mwalimu alitoa pakiti mbili na rula. Moja ilikuwa ya ushirika. Nyingine aliiokota Kiboriloni, nyuma ya nyumba ya sherehe, akaiosha. Akazilaza kwenye benchi.

"Binti yangu, mimi upelelezi siujui. Lakini hii haikutoka kwetu. Kandokando ya nembo lazima ibaki nafasi tupu, upana wa dole gumba. Hapa hakuna. Kijani chetu siyo hiki. Na mlima wameugeuza: Kibo anakaa kushoto, Mawenzi kulia. Hapa Mawenzi yuko kushoto. Ukurasa wa tano nimeandika, nembo isigeuzwe."

Yuditha alitazama. Kweli, kilele chenye meno kilikuwa kushoto na kile cha bakuli la theluji kulia. Tangu Jumamosi pakiti ile ilikuwa imepita mikononi mwa askari wanane, wote wamekulia chini ya mlima huo, na hakuna aliyeona. Alimuuliza Mwalimu iweje mwenye duka naye asione.

Mzee aliinamisha kichwa. Akafungua bahasha na kumwonyesha picha alizokuwa akizikusanya kwa miaka. Kibao cha kituo cha maziwa kilikuwa cha bluu, kwa sababu siku ile rangi ya kijani iliisha dukani. Kwenye kalenda nembo ilikuwa imevutwa mpaka mlima umekuwa kichuguu. Kwenye jezi za timu ya kijiji kibuyu hakikuwepo. Na kwenye mlango wa gari la maziwa, fundi alijiongezea ng'ombe.

"Yote hayo tumefanya wenyewe," alisema. "Theodora nilimwambia, akanijibu, Mwalimu, watu wanakunywa maziwa, hawanywi picha. Sasa mwenye duka ameshaiona nembo yetu kwa sura tano. Ya sita angeikataaje?"

Ndivyo mwenye duka alivyomweleza Yuditha mwenyewe, tena kwa uchungu. Mtindi aliletewa na bodaboda, aliona mlima, aliona kibuyu, akapokea.

Mwalimu aliuliza kama hayo yanatosha Theodora atoke. Yuditha hakutaka kumdanganya. Alimwambia kwamba wakisema nembo ni ya bandia, mkuu atajibu kwamba mwenyekiti ndiye aliyeighushi. Alichohitaji ni aliyeichora, na alimhitaji kabla ya saa nane.

Gari la kituo halikuwa na mafuta, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Yuditha alikuwa na pikipiki yake. Alimpa Mwalimu kofia ngumu ya ziada, mzee akaivaa juu ya tai yake, wakaondoka.

Martin walimpata Njoro, nyuma ya nyumba aliyopanga, amechuchumaa katikati ya miche. Alipomwona Inspekta alisimama na mikono yake ikabaki hewani, imejaa udongo. Hakukana kitu. Pakiti alichukua, ndiyo, mia nne, kwa hasira, na hasira ilipoisha akaona aibu kuzirudisha. Akawaonyesha zilipo. Zilikuwa ardhini, zimepangwa mistari, kila moja imejazwa udongo na mbolea na mche wa kahawa umesimama ndani. Nembo ya Kiriseni ilitokeza kwenye kila kiriba, kijani chenye mwongozo, Kibo kushoto, Mawenzi kulia.

Mwalimu alizunguka miche ile akihesabu kwa midomo. Alisema hakuna ukurasa unaohusu viriba, atalazimika kuuongeza. Yuditha naye alihesabu lake. Mtu mwenye pakiti halisi mia nne hana haja ya kuchora za bandia. Alimwambia Martin afike kituoni Ijumaa kuandika maelezo na asisafiri. Kwa mkuu wake ile ilikuwa habari mbaya. Kwa Theodora ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa kizimbani angesimama peke yake.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Yuditha alimuuliza Mwalimu ni nani mjini anayechapa pakiti za plastiki kwa idadi ndogo. Mwalimu alijibu bila kufikiri kwamba wako watatu, wote Majengo, na wawili kati yao hawasalimiani naye kwa sababu ya kijani. Basi wakaenda kwa wa tatu.

Jovin alikuwa na chumba kimoja cha mbele, mlango kwa mlango na fundi viatu. Anachapa fulana, mabango, kofia za kampeni, chochote kinachoshika wino. Mwanzoni alisema nembo ile haijui. Yuditha hakugombana naye. Alisogea tu ukutani, akaanza kuzigeuza fremu zake za kuchapia moja baada ya nyingine, na ya nne ilikuwa na mlima na kibuyu. Jovin akakaa chini kwenye ndoo ya wino.

Alieleza yote kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Kiasi cha wiki tatu zilizopita mwanamke alimpigia simu, akasema ushirika umebadilisha mchapaji, anataka pakiti mia mbili. Mchoro aliuleta bodaboda, pakiti akazichukua bodaboda. Sura ya mwanamke hajaiona, na namba yenyewe sasa haipatikani. Yuditha alimuuliza, alipotengeneza fremu aligeuza filamu, ile plastiki ya kunakili mchoro?

"Afande, ningegeuza filamu, hata maandishi yangesomeka kinyumenyume. Yatazame maandishi. Yako sawa. Mimi nimechapa kama nilivyoletewa."

Mwalimu aliinama akayasoma maandishi herufi kwa herufi. Kosa la ukurasa wa tano halikuwa limetendeka. Mlima haukugeuzwa. Ulichorwa hivyo.

"Mchoro uko wapi?" Yuditha aliuliza.

Jovin alikuwa na desturi moja nzuri: kwa sababu wateja humgeuka, hutunza kila karatasi. Alivuta faili chini ya meza na kutoa karatasi laini, ile nyepesi inayoonyesha upande wa pili. Jina aliliandika yeye kwa kompyuta. Mlima na kibuyu viliwekwa kwa mkono. Yuditha akaipeleka mlangoni penye jua. Kibuyu kilichorwa kwa penseli, kwa wasiwasi, kimefutwa na kurudiwa. Mlima haukuwa na wasiwasi wowote. Mistari yake ilikuwa ya bluu, ya karatasi ya kaboni, mkono umepita mara moja bila kusita, na ndani ya kila sehemu palikuwa na alama ya namba ndogo iliyofutwa. Kwenye theluji kulikuwa na namba moja, kwenye mawe nyingine, kwenye msitu nyingine.

"Nilizifuta mimi," Jovin alisema. "Nilidhani ni namba za rangi. Hazikufanana na rangi ninazozijua."

Zilikuwa za nyuzi. Yuditha alizitambua papo hapo, kwa sababu mama yake mzazi kule Machame alidarizi vitambaa vya makochi ya nusu ya usharika. Unachora umbo, unaliandikia namba za nyuzi, unaweka kaboni, unalihamishia kwenye kitambaa. Mchoro mmoja unatumika miaka. Aliyeleta karatasi hii alikuwa mdarizi, na mlima huu alikuwa ameshaudarizi mara nyingi kabla ya kuutia kwenye pakiti.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa bado hayajapanda. Kutoka mlangoni kwa Jovin, juu ya mapaa ya Majengo, mlima ulionekana wote. Yuditha aliinua karatasi na kuilinganisha nao. Kibo kushoto, Mawenzi kulia, kama Moshi yote inavyouona, kama Kiriseni inavyouona. Mtu wa huku hawezi kukosea jambo hilo, hata akidarizi amefumba macho. Basi huyu hakukosea. Alichora alichokiona.

Yuditha alikuwa amewahi kuuona hivyo. Alipokuwa konstebo mpya walimpanga Tarakea, kule Rombo juu karibu na mpaka, miaka miwili ya baridi na ukungu. Kila asubuhi alipofungua dirisha la bweni, Mawenzi alikuwa kushoto na Kibo kulia, na wiki ya kwanza alijiona kama mtu aliyeamka nyumba siyo yake. Kule mlima unatazamwa kwa upande wa pili. Mtoto wa kule akichora mlima shuleni, huo ndio anaouchora.

Alimuuliza Mwalimu kama kituo cha maziwa kinaandika majina ya wanaokataliwa maziwa. Mwalimu alijibu kwa fahari kwamba lipo daftari, na hakuna siku iliyorukwa.

Walipanda. Barabara ya Kiriseni inapinda kwenye migomba na kahawa, na tangu nusu ya njia Yuditha alianza kusikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, maji yalikuwa meupe. Akina mama watatu walisimama kando na ndoo zao, wakamtazama bila kumsalimu, na hakuwalaumu.

Daftari lilikuwa kwenye kabati la kituo. Kwa mwezi uliopita kulikuwa na majina saba, yote kwa mwandiko wa Theodora, mrefu na ulionyooka. Sita yalikataliwa siku moja au mbili. La saba lilijirudia siku kumi na tano mfululizo: ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, yamekataliwa. Yuditha aliweka kidole chini ya jina, lakini hakulisema. Aliuliza tu: kati ya hawa saba, nani kaolewa kutoka Rombo ya juu?

Mwalimu alisoma majina yote, ingawa hakuhitaji. Kisha akavua kofia ngumu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mmoja tu. Mektrida. Baba yake ni mtu wa Tarakea. Ni mke wa kijana wa Theodora."

Sasa Yuditha alielewa dole gumba lile lililopita juu ya mlima taratibu. Alijisikia vibaya moyoni, kwa sababu alikuwa amepata alichokitafuta na hakukipenda.

Nyumba ya Mektrida ilikuwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, kile kile cha mama mkwe wake, hatua thelathini kati ya mlango na mlango. Mume alikuwa mlimani tangu Ijumaa, amewabebea mizigo wageni. Mektrida, ambaye Mwalimu alimwita Mama Violet kwa jina la mtoto wake, aliwakaribisha ndani, akamwamkia Mwalimu, akafuta kochi lililokuwa safi. Alikuwa na miaka kama thelathini, macho yamevimba. Kwenye migongo ya makochi, kwenye meza, juu ya redio, vilitandikwa vitambaa vyeupe, na kwenye kila kitambaa mlima: theluji kwa uzi mweupe, mawe kwa kijivu, msitu kwa kijani kibichi. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu. Mawenzi kushoto.

Yuditha alitoa ile karatasi ya Jovin na kuilaza juu ya kitambaa cha meza. Mistari ilikaa juu ya nyuzi sawasawa, bila kuzidi upana wa sindano.

Mektrida aliitazama muda mrefu. Kisha akaanza kueleza kwa sauti ya chini, na hakujitetea sana. Ng'ombe aliugua. Mama alimkatalia maziwa pale kituoni, mbele ya watu wote, kama ambavyo angemkatalia mwingine yeyote, na ilikuwa haki, hata yeye alijua ni haki. Siku kumi na tano alimwaga. Siku ya kumi na sita aliinua ndoo, mkono ukakataa. Alitaka apate dawa ya ng'ombe tu. Aliyachemsha mara mbili kabla ya kuyagandisha, akidhani moto unaua kila kitu. Yuditha alimweleza alivyosema daktari: vijidudu hufa, sumu yao hubaki. Mektrida akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyerudishiwa mtihani.

Kuhusu nembo, alisema bila ile picha hakuna duka linalopokea mtindi. Kibuyu alikichora kwa kuangalia pakiti.

"Mlima nilikuwa nao tayari kwenye karatasi ya vitambaa. Nikasema mlima ni mlima."

Mwalimu Wenseslaus alikuwa na kurasa kumi na mbili za kumjibu, na Yuditha alimwona akizimeza zote.

Mektrida aliendelea. Siku mbili hizi hakulala. Alijua Mama yuko ndani, lakini alijipa moyo kwamba Mwalimu atawaonyesha polisi pakiti siyo ya ushirika, na Mama atarudi, na hakuna atakayejua imetoka wapi. Aliapa kwamba Mama hajui lolote.

"Anajua, Mama Violet," Yuditha alisema. "Alijua jana mchana, nilipomwekea pakiti mezani. Tangu hapo anasema ni yake."

Mektrida aligeuka kuangalia vitambaa vyake, kimoja baada ya kingine, kana kwamba kuna mtu ameviweka pale sasa hivi. Viwili vya kwanza, alisema, alimpa Mama siku alipoingia nyumba hii. Viko kitandani kwake mpaka leo. Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, na Yuditha akamwacha alie. Saa ilikuwa inakaribia sita na nusu.

Aliponyanyuka aliosha uso. Hakusubiri kuambiwa. Alimwomba Mwalimu amngoje Violet atoke shule na ampe ugali uliofunikwa, na Mwalimu, mzee wa suti, akafunga kofia ngumu kwenye pikipiki na kusema hilo na kukamua jioni atayaweza. Yuditha alimweleza Mektrida ukweli kabla hajapanda: akishuka, ataandika maelezo, atalala kituoni, kesho mahakamani itakuwa zamu yake. Kukiri kwake kutahesabiwa, lakini hakuna anayeweza kumwahidi. Mektrida alisema amesikia. Kwenye mpaka wa kihamba, penye ua wa mimea ya masale, aliomba wasimame kidogo. Yuditha alizima pikipiki na kutazama upande wa pili, kwa heshima. Kila Mchagga anajua jani la sale linachumwa kwa ajili ya nini. Ukilifunga fundo na kumpelekea uliyemkosea, umesema yote, na mila haimruhusu kukurudisha.

Walifika kituoni saa saba na dakika ishirini. Mkuu wa upelelezi alisikiliza, akatazama karatasi, akatazama kitambaa cha meza walichoshuka nacho, akageuza pakiti mara mbili mkononi. Mwishowe akalifunga jalada la mwenyekiti na kuagiza jingine jipya. Alisema pia atawapigia simu watu wa afya kuhusu kituo cha maziwa, na alipiga papo hapo, Yuditha akiwa amesimama mbele yake.

Theodora aliletwa chumba cha mahojiano akidhani anapelekwa mahakamani. Alipomwona Mektrida mlangoni, uso wake ulikunjamana.

"Nani kakuambia ushuke? Violet umemwacha na nani?"

"Na Mwalimu, Mama."

"Mimi nimeshazeeka. Wakinifunga wamefunga nini? Wewe una mtoto."

Mektrida alipiga magoti kwenye saruji na kumnyooshea jani la sale lililofungwa fundo, kwa mikono miwili. Yuditha alisogea mlangoni, lakini hakutoka. Sheria haikumruhusu, na moyo wake pia haukutaka.

Theodora alilitazama jani bila kulipokea. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti ilikuwa ile ile ya kituo cha maziwa, ya mtu anayeangalia ndoo ya mtu.

"Umeleta moja tu? Waliokunywa ni kumi na mmoja."

Mektrida, bado amepiga magoti, alifungua pindo la kitenge. Ndani yalilala mengine, mabichi, kila moja na fundo lake.

"Yao haya hapa, Mama," alisema. "Hilo ni lako."

Theodora akalipokea.